Upinde wa Fundi au wa Mtandaoni: Hesabu ya Mpiga Shabaha wa Ukambani

Mpiga shabaha hulipa kila anapofyatua. Mwenye bunduki hulipia risasi, mwenye upinde hulipia mishale na nyuzi, na mwaka ukiisha matumizi hayo madogo madogo huwa yamekaribia au yamepita bei ya silaha yenyewe. Wauzaji wa mtandaoni hawakwambii hivyo. Wao hukuonyesha picha ya silaha inayong'aa, na vile vitu vinavyoisha hutajwa chini kabisa kwa herufi ndogo. Kwa kijana wa Mwingi, Mutomo, Wote au Kibwezi anayetaka kujifunza mchezo huu, nimefanya hesabu kuanzia kwenye vitu vinavyoisha.

Nianze na bunduki, kwa kuwa ndiyo wengi huiulizia kwanza. Marekani kuna watu wanaojaza wenyewe risasi za baruti nyeusi, hasa zile za bunduki za aina ya .45-70 iliyoanza kutumika jeshini mwaka 1873. Ganda la shaba ndilo lenye gharama kubwa katika risasi, nalo likitunzwa hutumika tena na tena. Kwa hiyo anayeokota maganda yake, akayasafisha na kuyajaza upya, hushusha sana gharama ya kila mlio. Vifaa vyote huagizwa kwa simu na kuletwa mlangoni. Ni mazoea yenye akili, na mtu akiyasoma akiwa Kitui anaweza kudhani nayo yanaweza kuhamia hapa.

Hayahamii. Baruti ya aina yoyote nchini Kenya iko chini ya Sheria ya Vilipuzi, sura ya 115, na kuinunua, kuisafirisha au kuihifadhi kunahitaji vibali vya serikali. Bunduki yenyewe iko chini ya Sheria ya Silaha, sura ya 114, na mwenye kutoa cheti ni Bodi ya Utoaji Leseni za Silaha. Utahitaji cheti cha tabia njema kutoka polisi, ambacho kwenye eCitizen hulipiwa shilingi 1,050, uchunguzi wa afya ya akili, sababu inayokubalika ya kumiliki silaha, na sanduku la chuma la kuifungia. Cheti cha silaha hakidumu maisha, hufanywa upya. Na usidhani kwamba ukiagiza kipande kimoja kimoja utapita: sehemu za bunduki na kifaa cha kupunguza mlio huhesabiwa pamoja na silaha. Hata bunduki ya upepo usiiagize kabla ya kuuliza bodi hiyo, maana pesa utakuwa umelipa na mzigo utabaki forodhani.

Udhibiti huu haukuanza jana katika nchi ya Wakamba. Njia ya misafara kutoka Mombasa ilipita Kibwezi, ambako wamishenari wa Scotland walijenga kituo mwaka 1891, ikaendelea hadi Machakos. Askari wa Kampuni ya Imperial British East Africa walitembea njia hiyo na bunduki za Snider, zilizotumia baruti nyeusi. Wakati huohuo, Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia bunduki za kisasa zisiuzwe kwa wenyeji wa sehemu hii yote ya Afrika, ukaacha gumegume zenye mtutu usio na mifuo, pamoja na baruti ya kawaida, ziendelee kuuzwa. Mkamba wa wakati huo aliyetaka silaha ya kupiga mbali na kwa uhakika alibaki na upinde, na alikuwa na ujuzi wa vizazi wa kuutengeneza. Ujuzi huo haujafa. Bado wapo wazee wanaojua mti wa kukata na msimu wa kuukata.

Kwa hiyo ulinganisho wenye maana kwa msomaji wa Kitui na Makueni uko hapa: upinde wa fundi wa kijijini, au upinde wa kuagiza kwa mtandao.

Upinde wa kuagiza una sifa zake na sitazificha. Ule wa wanaoanza, wenye mpini wa mbao na mikono miwili inayofunguka, kama Samick Sage na ndugu zake, huuzwa Marekani kwa dola kama 140. Uzito wa kuvuta umeandikwa juu yake. Unaanza na mikono ya paundi 25, misuli ikikomaa unanunua mikono mizito zaidi na kuifunga kwenye mpini uleule. Ukiufungua unaingia kwenye begi, na hilo lina maana kubwa kwa mtu anayepanda matatu kutoka Emali.

Sasa tufuate pesa. Tuseme upinde ni dola 140 na usafirishaji dola 60. Jumla dola 200, ambazo kwa kiwango cha shilingi 130 kwa dola ni shilingi 26,000. Bidhaa nyingi zilizokamilika huingia Afrika Mashariki kwa ushuru wa forodha wa asilimia 25, yaani shilingi 6,500. VAT ya asilimia 16 hutozwa juu ya thamani pamoja na ushuru, kwa hiyo ni asilimia 16 ya 32,500, nayo ni shilingi 5,200. Ada ya tamko la uagizaji, asilimia 2.5, ni shilingi 650. Tozo ya maendeleo ya reli, asilimia 2, ni shilingi 520. Kodi zote ni shilingi 12,870, na upinde umefika shilingi 38,870 kabla hujalipa wakala wala nauli ya kuutoa Nairobi. Ule wa picha ulikuwa shilingi 18,200.

Kwa viwango hivyo, kila shilingi 100 inayofika forodhani huongezewa shilingi 49 na senti 50. Kariri namba hiyo. Ukiona bei ya kitu chochote cha kuagiza, ongeza usafirishaji, kisha ongeza nusu ya jumla, na hutakosea kwa kiasi kikubwa.

Kuna mtego mwingine kwenye usafirishaji ambao huwauma wanunuzi wa vitu virefu. Wasafirishaji wa ndege hupima uzito na pia ukubwa wa boksi, kisha hutoza kwa kile kilicho kikubwa. Kanuni inayotumiwa na wengi ni urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, kisha gawanya kwa 5,000. Boksi la upinde unaofunguka la sentimita 70 kwa 25 kwa 10 hutozwa kama kilo 3.5, hata kama mzani unasema 2. Upinde wa kipande kimoja kwenye boksi la sentimita 170 kwa 15 kwa 10 huwa kilo 5.1, na wengine huongeza ada ya mzigo mrefu. Ndiyo maana nasema wazi: ukiagiza, agiza unaofunguka. Mawakala wa Nairobi wanaotoza kwa kilo na kodi ikiwa ndani wanaweza kukupunguzia, lakini waulize kwa maandishi kama kilo yao ni ya mzani au ya boksi.

Upinde wa fundi hauna kibandiko cha bei. Bei yake ni siku za kazi, mti, na mapatano. Mti unaopendwa Ukambani ni wa jamii ya mkole, ambao Wakamba huuita mulawa. Fundi mzuri hachongi mti mbichi siku hiyohiyo. Huuacha ukauke kivulini, kisha huuondoa nyama kidogo kidogo kwa panga na kisu, akiupinda na kuutazama, hadi mikono yote miwili ipinde sawa. Tufanye makisio ya kumtendea haki: siku tano za kazi kwa shilingi 500 ni 2,500, halafu tuiongeze mara mbili kwa ajili ya ujuzi, tufike shilingi 5,000. Nasema mara mbili kwa makusudi. Watu wanaomlipa muuzaji wa mtandaoni dola bila kuuliza, wakija kwa mzee wa Zombe huanza kubishania shilingi mia, na hiyo si haki.

Tatizo la upinde wa fundi ni kwamba haukwambii uzito wake, na mingi ilichongwa kwa ajili ya mwanamume mzima mwenye kazi ya porini. Waata wa upande wa Tsavo walijulikana kwa pinde nzito mno kuzivuta, na za Wakamba zilikuwa nyepesi kuliko hizo, ila bado si za mwanafunzi. Dawa ni rahisi. Chukua ile mizani ya ndoana inayopimia mizigo sokoni, ning'iniza ndoana kwenye upote, yaani uzi wa upinde, vuta hadi urefu wako wa kuvuta, usome. Anayeanza asipite kilo 9 hadi 14, sawa na paundi 20 hadi 30. Ukipita hapo mkono utatetemeka, utafundisha mwili makosa, na bega litakudai baadaye. Mwambie fundi kilo unazotaka kabla hajaanza kuchonga. Kupunguza anaweza. Kurudisha mti aliokwisha kuuondoa hawezi.

Joto nalo liingie kwenye hesabu. Pinde za kuagiza zina tabaka za mbao na nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi, na ukiziacha ndani ya gari lililofungwa pale Mtito Andei saa saba mchana, gundi inaweza kuachia. Mkono ukishapasuka hauzibwi. Unaagiza mwingine kwa karibu nusu ya bei ya upinde, na hesabu ya kodi inaanza upya. Upinde wa mulawa ukivunjika, fundi anachonga mwingine. Pinde zote mbili hufa kwa kosa moja: kuvuta na kuachia bila mshale. Usikubali mtu yeyote sokoni akujaribie hivyo.

Sasa tufike kwenye mishale, ambako pesa nyingi hupotelea.

Dazeni ya mishale ya kaboni ya bei nafuu tuseme inafika Nairobi kwa dola 40, yaani shilingi 5,200. Ongeza kodi, ni shilingi 7,774. Kila mshale ni shilingi 648. Kwa fundi, chembe, yaani ncha ya mshale, hutoka kwenye msumari: kilo ya misumari ya inchi 6 ina misumari kama 30 na haifiki shilingi 300 dukani, kwa hiyo msumari mmoja haufiki shilingi 10. Mawano, yaani vijiti vya mishale, hukatwa vichakani. Manyoya yapo. Tukisema fundi anamaliza mishale minne kwa siku ya shilingi 500, kazi ni 125 kwa mshale, na kwa msumari, gundi na uzi tuweke 25 zaidi. Shilingi 150.

Anayejifunza hupoteza au kuvunja mishale. Tuseme mmoja kwa juma. Mwaka mzima ni mishale 52: ya kaboni shilingi 33,696, ya fundi shilingi 7,800. Tofauti ni shilingi 25,896, ambazo zinakaribia kabisa thamani ya ule upinde wa kuagiza ulipofika forodhani. Mjazaji risasi wa Marekani huokota maganda yake kwa sababu hii hii, na mpiga mishale wa Makueni anayeokota chembe zake kutoka kwenye mawano yaliyovunjika na kuzifunga kwenye mawano mapya anafanya kazi ileile, bila baruti na bila leseni.

Nenda ukaone chembe inavyotengenezwa. Msumari hutiwa motoni hadi uwe mwekundu, kichwa hukatwa, na ncha hupondwa juu ya kipande cha chuma kizito hadi iwe bapa kama jani, kisha husuguliwa kwa tupa. Hiyo ndiyo chembe ya zamani, nayo haikufai. Chembe bapa hurarua shabaha na hukwama. Mwambie fundi asiiponde. Aiache mviringo, aichonge ncha butu kidogo. Msumari mzima una gramu zinazozidi 30, ilhali chembe ya shabaha huwa na gramu 6 hadi 8 tu, hivyo msumari mmoja unatoa chembe zaidi ya moja. Wano hupitishwa juu ya makaa, hunyooshwa kwa mikono likiwa moto, kisha fundi hufumba jicho moja na kulitazama kwa urefu wake wote. Analirudisha motoni. Analitazama tena.

Manyoya tumia ya kuku au bata mzinga. Ya tai, yaliyopendwa zamani, yaache kabisa. Ndege hao wanapungua na wanalindwa na sheria. Hata kanga, ingawa wako kila kichaka, kuwafuga kunahitaji kibali cha Shirika la Huduma za Wanyamapori, KWS.

Udhaifu wa mshale wa mti ni kutofanana. Wano likiwa laini mno kwa upinde wako, hupinda kupita kiasi na mshale huenda kando. Likiwa gumu mno huenda kando ya pili. Ukipiga mishale 12 ya uzito tofauti, hutajua kama kosa ni la mkono au la mshale. Hapa ndipo mtandao unaponisaidia mimi, na hapa ndipo ninapowashauri watu watumie pesa yao ya mtandaoni: mizani ndogo ya dijitali inayopima hadi sehemu ya mia ya gramu. Kwenye Jumia na maduka kama hayo hupatikana kwa chini ya shilingi 2,000, haina umbo la silaha, na hubebwa mfukoni. Agiza kwa fundi mishale 20, ipime yote, panga kwa makundi ya uzito unaokaribiana, na usichanganye makundi. Mishale ya shilingi 150 iliyopangwa hivyo hupiga vizuri kuliko wengi wanavyotarajia.

Kitu cha pili cha kuagiza ni uzi. Upote wa mishipa ya ng'ombe hulegea ukiloa, na nailoni ya kushonea viatu hunyumbuka hadi ikala nguvu ya upinde. Uzi wa Dacron hunyumbuka kidogo tu, na kigurudumu cha robo paundi hutoa nyuzi zaidi ya 10. Tuseme kinafika kwa dola 20, shilingi 2,600. Pamoja na kodi ni 3,887. Kila upote haufiki shilingi 400. Usinunue uzi wa kisasa usionyumbuka kabisa kwa ajili ya upinde wa mti mtupu, kwa kuwa huvunja ncha za mikono.

Shabaha usiagize. Gunia la mkonge lililoshindiliwa matambara ya mitumba huzuia mishale ya upinde wa kilo 14 bila shida, na karatasi unaichora mwenyewe kwa kamba na kalamu: duara la nje sentimita 122, na kila pete upana wa sentimita 6.1, kama ile ya Olimpiki. Anza mita 10. Wale wa Olimpiki hupiga kutoka mita 70, na Shehzana Anwar, aliyebeba bendera ya Kenya kwenye ufunguzi wa Rio 2016, alikuwa mpiga mishale. Anayelenga kufika huko atahitaji vifaa vya kiwandani siku moja, maana kwa umbali huo mishale lazima ifanane kabisa. Naye akumbuke kuipinda na kuisikiliza mishale ya kaboni kabla ya kila zamu, kwa kuwa iliyopata ufa hupasuka ikiachiwa na vibanzi vyake huingia mkononi.

Kuna mambo mawili ya usalama ambayo hayana bei. Uwindaji umepigwa marufuku Kenya tangu 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 haimsamehe hata anayetafuta kitoweo. Ukitembea na upinde na podo wazi kandokando ya Tsavo Mashariki au hifadhi ya Kitui Kusini, utachukuliwa kuwa mwindaji haramu. Upinde uondoe upote, ufunge, na mazoezi yafanyike uwanjani. La pili ni mishale ya kale. Wapo wanaoiuza kama pambo, chembe ikiwa imezungushiwa ngozi. Ngozi hiyo ilifungwa ili kulinda sumu iliyopakwa kwenye chembe isikauke, na sumu hiyo husimamisha moyo. Usiinunue, usiiguse, na usiruhusu mtoto aifungue.

Kwa mtu mmoja, upinde wa fundi wa 5,000, mishale 12 ya 1,800, uzi wa 3,887 na mizani ya 2,000 ni jumla ya shilingi 12,687. Seti ya kuagiza, upinde na mishale, ni 46,644. Kwa klabu ya shule yenye vijana kumi ningenunua pinde mbili za fundi, mishale 30, kigurudumu kimoja cha uzi na mizani moja: shilingi 20,387. Shule iliyokuwa imetenga 38,870 za upinde mmoja wa mtandaoni itabakiwa na 18,483, na muhula ukiisha, dazeni mbili za mishale ya kaboni kwa 15,548 zitawafaa wale wawili watatu ambao mikono yao imetulia.